Kabla Ununue Giaboksi Ngumu, Amua Nini Kivunjike Kwanza

Karibu kila wiki kuna msee ananiandikia swali lilelile: "Buda, giaboksi gani ya Subaru haivunjiki?" Mmoja ana Impreza WRX ya zamani ameiongezea busti. Mwingine ana Forester, ametoa injini ya kawaida akaweka ya tabo. Kuna aliyepoteza gia ya tatu tayari na kuna anayeogopa kuipoteza, lakini wote wanataka jina moja tu la kwenda nalo Kirinyaga Road, kama vile unaenda chemisti na jina la dawa.

Jibu langu ni lilelile pia, na najua linaboesha. Hakuna. Hakuna giaboksi isiyovunjika. Kuna gari ambazo mwenyewe ameamua mapema ni nini kitavunjika kwanza, na kuna zile ambazo hakuna mtu ameamua, kwa hivyo gari inajiamulia yenyewe, na mara nyingi inaamua usiku, mbali na nyumbani, ukiwa umebeba watu.

Naongea juu ya Subaru kwa sababu hapa Kenya ukisema gari imetyuniwa na magurudumu yote manne yanavuta, watu wanafikiria Subaru kabla umalize sentensi. Evo ziko, heshima kwao, lakini mapenzi yetu yako pale pengine. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza. Richard Burns akashinda ya 2000 na Impreza. Miaka yote miwili mimi sikuwa nimezaliwa, na bado hiyo picha ya gari ya buluu ikila vumbi niko nayo kichwani kama nilikuwa hapo kando ya barabara.

Ila kuna kitu hiyo picha haionyeshi. Zile zilikuwa gari za mbio, giaboksi yake haikutoka kwa gari ya kununua dukani. Nyuma yake kulikuwa na timu nzima ya mafundi wenye spea za akiba, kazi yao kurekebisha kitu mashindano yakiendelea. Hakuna mtu kwa hiyo timu aliyeamini gari yake haivunjiki. Walikuwa wamepanga kuvunjika. Sisi tumechukua rangi, tumechukua mlio wa ekzosti, tumechukua spoila, lakini huo mpango tumeuacha.

Nguvu lazima ipate pa kutokea

Tuanze na kwa nini gari hizi zinakula giaboksi, kwa sababu ukielewa hapa mengine yote yanakuwa rahisi.

Chukua Mark X ya kuvuta na magurudumu ya nyuma. Ukipandisha injini ukaachilia klachi ama ukakanyaga mafuta kwa hasira, tairi za nyuma zinazunguka bure. Kelele, moshi, watu wanashangilia. Hiyo moshi ni nguvu iliyopata mlango wa kutokea. Lami imeiachilia.

Sasa fanya hivyo na Subaru. Tairi nne zimeshika lami kwa wakati mmoja na hakuna inayotaka kuteleza. Nguvu imetoka kwa injini, imefika kwa tairi, imekuta mlango umefungwa. Inarudi. Inarudi kwa shafti, kwa difu, kwa meno ya gia, kwa klachi, ikitafuta kitu dhaifu kuliko vyote. Na kumbuka gia ya kwanza inazidisha nguvu ya kusokota ya injini zaidi ya mara tatu kabla hata haijafika kwa difu. Uliongeza busti kidogo tu kwa injini, lakini kule mbele hiyo "kidogo" imeshazidishwa.

Ndiyo maana namba ya farasi aliyokupa mtu wa dino haijibu swali la giaboksi. Kinachovunja meno ni nguvu ya kusokota, na zaidi sana ni ile nguvu ikija kwa pigo. Watu wawili wanaweza kuwa na gari sawa, injini sawa, busti sawa. Mmoja anaachilia klachi taratibu, anakanyaga mafuta gari ikiwa tayari inatembea, anaendesha miaka. Mwingine anapandisha injini hadi juu pale kwa taa, anaruka na mguu wa kushoto, na ndani ya mwezi mmoja anaitisha breki-dauni. Giaboksi ilikuwa ileile.

Boksi ya gia tano ilikosea nini?

Wasee wanaiita giaboksi ya glasi. Naona inaonewa.

Giaboksi ya manyuo ya gia tano iliyo kwa Subaru nyingi za hapa ni ya familia ya TY75. Imewekwa kwa gari nyingi sana, kuanzia Impreza za kawaida zisizo na tabo hadi WRX. Ukiiangalia ikiwa chini, utaona ganda lake limegawanywa katikati kwa urefu, upande wa kushoto na wa kulia, kama ganda la njugu. Ndani ya ganda hilo kuna gia, kuna difu ya mbele, na kule nyuma kuna difu ya kati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kazi tatu, nyumba moja, na gia na difu ya mbele zinatumia oili moja.

Meno ya gia zake yamekatwa kwa mshazari. Hiyo inafanya gari iwe kimya, lakini kila ukikanyaga mafuta, meno ya mshazari yanasukuma shafti upande. Injini ikiwa ya kiwango chake, ganda linavumilia. Ukiongeza nguvu sana, ganda linapinda kidogo, shafti mbili zinaachana kidogo, na meno ambayo yalifaa kushikana kwa upana wake wote yanashikana kwenye ncha. Hapo ndipo jino linakatika. Mara nyingi gia ya tatu ndiyo inaenda kwanza.

Kwa hivyo boksi ya gia tano haikukosea. Ilipewa kazi ya mtu mmoja, ikaifanya miaka mingi, halafu ikaletewa kazi ya watu wawili na mshahara uleule. Ukiwa na injini isiyoongezwa, tafadhali usiitoe. Weka oili sahihi, badilisha kwa wakati, iache ifanye kazi.

Mlango wa bei nafuu unaitwa klachi

Hapa ndipo napishana na wasee wengi, hata mafundi.

Umeme wa nyumba una fyuzi. Hukuwekewa fyuzi kwa sababu fundi wa stima alikuwa bahili. Uliwekewa ili kitu cha bei ndogo kiungue kabla ya nyumba kuungua. Gari yako inahitaji kitu kama hicho, na mahali pake pazuri ni klachi.

Klachi nzuri ya barabarani, yenye kiwango kinachopita nguvu ya injini yako kidogo tu, itateleza kidogo ukiipiga vibaya. Kule kuteleza ndiyo ile moshi ya Mark X, sasa imehamia ndani. Itaisha mapema, ndiyo. Utashusha giaboksi ubadilishe klachi, utalalamika, maisha yataendelea.

Lakini msee akivunja gia ya tatu, kitu cha kwanza anachoambiwa ni kuweka klachi ngumu zaidi, ile ya vipande vya shaba inayoshika kama meno ya mamba. Haitelezi kabisa. Sawa, umeifunga fyuzi na waya. Pigo lote sasa linaenda moja kwa moja kwa gia, na gia zikiwa ngumu linaenda kwa difu, na difu ikiwa ngumu linaenda kwa shafti za magurudumu. Hukuondoa kuvunjika. Umekuhamisha tu kutoka kitu cha bei ndogo hadi kitu cha bei kubwa.

Ndiyo maana naona kununua giaboksi ngumu kabla ya kufikiria klachi, difu na mguu wako ni kununua kabati la chuma na kuliweka kwenye nyumba ya mabati.

Njia nne, na yangu iko wazi

Ukishaamua kweli unahitaji kitu kigumu zaidi, njia ziko nne. Bei sitaandika, zinabadilika na dola na meli, na wiki ijayo nitaonekana mwongo.

Ya kwanza ni kununua gia tano nyingine ileile kutoka Japani. Ni njia ya watu wengi na haina aibu, ukikubali jambo moja: umenunua muda. Kama hutapunguza busti ama kubadilisha uendeshaji, utarudi dukani.

Ya pili ni kuweka gia ngumu ndani ya ganda lilelile la gia tano. PPG wa Australia wanatengeneza seti kama hizo. Zile za meno yaliyonyooka hazisukumi shafti upande, kwa hivyo ganda linapumzika. Lakini zinalia kama matatu ya zamani ikirudi nyuma, na zinahitaji fundi anayeweza kupima nafasi ndogo sana ndani ya boksi kwa vifaa, si kwa macho na imani. Kwa gari ya mashindano naelewa. Kwa gari ya kwenda kazini, seti ya gharama hiyo ikifungwa vibaya ni chuma chakavu cha bei ghali.

Ya tatu ni dogiboksi, isiyo na sinkro. Gia zinaingia kwa kugongana meno makubwa. Inabadilisha gia haraka na inavumilia, lakini inataka uingize gia kwa nguvu na bila kusitasita. Sasa jiweke kwenye foleni ya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza, simama, tembea hatua tatu. Hiyo boksi itachakaa meno yake kwa mwendo wa konokono. Inataka uwanja wa mbio na mtu wa kuikagua mara kwa mara. Foleni si uwanja wa mbio hata kama kila mtu ana hasira.

Ya nne ni giaboksi ya gia sita ya STI, familia ya TY85. Hii Subaru waliiunda kwa ajili ya gari zenye nguvu. Gia ni pana zaidi, shafti nene zaidi, ganda gumu zaidi. Walianza kuitumia kwa Impreza STI mwanzoni mwa miaka ya 2000 na STI za Japani zikaendelea nayo hadi zilipokoma 2019. Ni nzito kuliko ya gia tano, na kwangu huo uzito ni chuma kilichoongezwa mahali kilipohitajika.

Kwa gari ya barabarani iliyotyuniwa kwa akili, msimamo wangu ni huu: chukua gia sita nzima pamoja na kila kitu chake, ama baki na gia tano na uweke busti chini. Katikati ya hizo mbili ndipo pesa za vijana zinazikwa.

"Kwani difu si ni difu?"

Nikisema "pamoja na kila kitu chake" wasee wanadhani naongezea chumvi. Wacha niwape kisa.

Kuna kijana mmoja Rongai, tunafahamiana kwa mambo ya gari. Alinunua giaboksi ya gia sita iliyokuwa peke yake. Sehemu ya pesa ilikuwa akiba yake, nyingine mathe alimkopea kwa chama. Aliyemfungia akabakisha difu ya nyuma ya zamani. Kijana akauliza kama zitaelewana, akajibiwa, "Kijana, kwani difu si ni difu?"

Hapana. Difu si difu. Hesabu hii haihitaji digrii, mimi niliacha chuo na ninaifanya nyuma ya risiti ya supamaketi.

Giaboksi ya STI inayojulikana sana ina difu ya mbele ya uwiano wa 3.9. Ile nguvu inayoenda nyuma inapita kwanza kwa gia mbili ndogo za uwiano wa 1.1, halafu inafika kwa difu ya nyuma ya 3.545. Zidisha 1.1 kwa 3.545. Unapata 3.9. Mbele 3.9, nyuma 3.9, magurudumu yote yanaenda kwa mwendo mmoja.

Gari ya huyo kijana ilikuwa na difu ya nyuma ya 4.444. Zidisha 1.1 kwa 4.444. Unapata karibu 4.89. Mbele 3.9, nyuma 4.89. Hiyo ni kuambia miguu ya mbele itembee na ya nyuma ifuate polepole, zote zikiwa kwa mwili mmoja. Anayebeba hiyo tofauti ni difu ya kati, na haikuundwa kuzunguka hivyo bila kupumzika. Ilipata joto, ikanuka, ikaisha. Leo gari iko chini ya turubai na mathe bado anarudishia chama pesa kila mwezi. Sioni hiyo kama stori ya gari. Ni stori ya mama anayekaa kwa mkutano wa chama akijua kila mtu anajua.

Kwa hivyo ukienda kununua gia sita, orodha yako iwe hivi: giaboksi, klachi na flaiwili zinazoifaa, propela yake kwa sababu urefu ni tofauti, chuma cha kuishikilia chini ya gari, na difu ya nyuma yenye uwiano unaolingana. STI hutumia difu kubwa inayoitwa R180, na shafti za nyuma lazima ziingie kwa hiyo difu. Kama giaboksi ni ile yenye difu ya kati inayoendeshwa kwa umeme, unahitaji pia kontrola yake. Bila kontrola difu ya kati inabaki huru, na ukipoteza mshiko mbele ama nyuma nguvu inakimbilia huko kwa utelezi. Usipotaka hizo nyaya, tafuta gia sita iliyotoka kwa Legacy spec.B, ile ina difu ya kati isiyohitaji umeme.

Kabla ya kulipa, soma kodi iliyo kwenye kibandiko cha giaboksi. Inaanza na TY75, hiyo ni familia ya gia tano. Inaanza na TY85, hiyo ni gia sita. Piga picha kodi nzima, nenda nyumbani, utafute uwiano wake, urudi kesho. Muuzaji akikuambia kesho haitakuwepo, acha isiwepo. Mwaga oili iliyobaki ndani, iangalie kwa mwanga. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kushika kwa vidole si kawaida, hata akikuapia kwa jina la nyanya yake.

Na nyinyi wa otomatiki

Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane. Maana yake zile Impreza za zamani tunazozipenda, zilizo hapa ndizo hizo, na zinazidi kuzeeka. Kizazi changu kinachonunua sasa kinanunua Levorg na Forester XT, na nyingi za hizo zina giaboksi ya CVT.

Ndani ya hiyo CVT hakuna gia ya tatu ya kuvunja. Kuna mnyororo wa chuma kati ya puli mbili, na puli zinaubana kwa nguvu ya oili. Ukiongeza nguvu ya injini kwa programu, unaomba mnyororo ushike zaidi ya ulivyopimiwa. Ukiteleza, unakwaruza puli, na vumbi la chuma linasambaa na oili boksi nzima. Hapo hakuna klachi ya kawaida ya kuwa fyuzi. Boksi yenyewe ndiyo fyuzi. Kwa hivyo yule anayekuuzia steji ya kwanza ya programu kwa Forester yako, muulize swali moja: "Nikizidisha, nini kinavunjika kwanza?" Akikosa jibu, shika funguo zako.

Najua mtasema nini

Mtasema, "Sasa kama naendesha kama nabeba mayai, niliongeza nguvu ya nini?" Swali zuri. Uliongeza ili gari ipande Limuru bila kuhema na ipite trela kwa muda mfupi. Hayo yote yanafanyika gari ikiwa tayari inatembea, na giaboksi inayavumilia vizuri. Kile haivumilii ni lile ruko la pale kwa taa, na lile ruko huwa ni la watu wanaotazama.

Mtasema pia, "Wewe mwenyewe unakula kwa video za gari." Kweli, nakula. Na kwa sababu nakula hapo, najua kinachotazamwa. Video ya gari ikiruka itapata watu wengi kuliko ya kubadilisha oili, kila mara. Sirekodi maruko kwa barabara ya umma, na nimepewa pesa nifanye hivyo. Meno ya gia yakikatika, kipande kinaweza kuingia kati ya gia mbili na boksi ikakwama gari ikiwa kwa mwendo. Thika Road usiku kuna bodaboda, kuna mama anayevuka mahali pasipo na daraja, kuna abiria wako aliyepanda tu kwa sababu umesema unaenda njia yake. Hakuna hata mmoja wao aliyepigia kura busti yako.

Na kuna wale watasema, "Kaka, wewe huna pesa ndiyo maana unatetea gia tano." Labda. Lakini nimeona gari za watu wenye pesa zikiwa juu ya brekidauni. Pesa inaweza kununua giaboksi. Haiwezi kununua uamuzi ambao hukufanya.

Mpango wa karatasi moja

Kabla hujaenda popote na M-Pesa yako, chukua karatasi uandike mambo manne.

Andika nguvu ya kusokota ya injini yako sasa, na ile unayotaka kufika. Iwe ya kweli, si ile ya kuambia wasee.

Andika gari inafanya kazi gani siku nyingi za mwaka. Kama ni kazini, kanisani na Naivasha mara mbili, andika hivyo bila aibu.

Andika ni nini unataka kivunjike kwanza, na kama una pesa ya kukibadilisha leo bila kukopa. Kama ni klachi, uko sawa. Kama ni difu ama gia, rudi juu uanze kusoma tena.

Andika hali ya tairi na breki. Tairi nne za saizi moja na uchakavu unaokaribiana, si mbili za mwisho wa mwezi huu na mbili za Krismasi, kwa sababu tairi zisizolingana zinachosha difu ya kati kama ile hesabu mbovu ya Rongai, tofauti ni kwamba zinafanya hivyo polepole. Na breki ziwe zinaweza kusimamisha hiyo nguvu unayoipenda.

Mistari yote minne ikijaa na hesabu zikilingana, nenda ununue gia sita, uifunge nzima, na nitakuja kuipiga picha bila malipo. Mstari mmoja ukibaki wazi, bado hujafika kununua. Rudisha busti ya kiwanda, badilisha oili ya giaboksi, uendelee na maisha. Gari itafika Naivasha, na itarudi.